Siku Nne Baada ya Kuambiwa Si Kifafa

Wapendwa mliokuja kulia nasi, mimi ni mdogo wake marehemu, tumenyonya ziwa moja, na familia imenituma niwasomee maisha yake, ingawa hadi naandika karatasi hii mkono ulikuwa unalikataa neno "alikuwa".

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, kifungua mimba wa mama mshonaji na baba mlinzi wa ghala, akasoma shule ya msingi kuanzia 1986 hadi 1992, na ni hukohuko, akiwa na miaka kumi na miwili, alipoanguka kwa mara ya kwanza, kengele ya mapumziko ilipolia, mwalimu akasema mtoto hakula asubuhi. Alimaliza sekondari 1996, akapata cheti cha utunzaji kumbukumbu 1999, na tarehe 3 Januari 2000 akaajiriwa katika chumba cha mafaili cha hospitali, ambako wenzake walimbandika jina la Mama Faili.

Kazi yake ilikuwa kusoma ugonjwa alioandika daktari, kuutafuta katika kitabu kinene cha orodha ya magonjwa na kuupa namba yake, na akikuta daktari huyu kauita kwa jina la aliyeugundua na yule kauita kwa dalili zake, alipanda ngazi na faili mkononi kwenda kuuliza, akisema madaktari ni kama wazazi waliogombana, mtoto mmoja majina mawili.

Alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi bomba, tarehe 26 Aprili 2003, wakajaliwa binti na mvulana. Wiki chache baada ya kumzaa mvulana, mwaka 2005, alianguka tena simu ilipolia, akaambiwa ni kifafa, akameza dawa za kifafa miaka kumi na tisa, na bado akawa anaanguka.

Mwaka huu daktari mgeni alimuuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza, kwamba huwa anaanguka akiwa anafanya nini, naye akajibu kwamba ni pale anaposhtuliwa na sauti. Alipimwa umeme wa moyo, na Jumanne tarehe 8 Oktoba 2024 akaelezwa kwamba hakuwa na kifafa hata siku moja, ana sindromu ya moyo, yaani dalili zinazotembea pamoja, na jina lake limetokana na mchoro wa kipimo, ambapo sehemu moja ya kila pigo hurefuka kupita kawaida. Alipangiwa kumwona bingwa wa moyo Jumatatu ili aanze dawa, akarudi nyumbani anacheka, akamwambia mumewe, "Kumbe miaka yote hii nilikuwa kwenye faili la mtu mwingine."

Jumamosi, saa tatu asubuhi, simu ililia juu ya meza alipokuwa akipiga pasi, akaanguka, hakuamka tena. Simu hiyo niliipiga mimi.

Daktari yule alikuja nyumbani, akanikalisha chini, akaniambia, "Hata mlango ungemshtua. Alihitaji dawa tangu utotoni, na sisi ndio hatukumuuliza." Kisha akaeleza kwamba ugonjwa huu hurithiwa, tupimwe wote wa damu moja. Tumepimwa juzi. Mimi sina, wala mvulana wake hana. Binti yake, huyu aliyekaa hapa mbele, anao, na jana ameanza dawa.

Tunamshukuru daktari huyo, wauguzi, majirani waliomkimbiza hospitali kwa gari lao, na wenzake wa chumba cha mafaili ambao hawajatuacha hata siku moja. Na mwenye ndugu anayezimia akishtuka, tunamwomba akamweleze daktari hivyohivyo, kesho asubuhi.

Dada, pumzika kwa amani, wanao tunao.