Bi Zubeida na Kikapu Kilichopekuliwa na Mkwe

Wasikilizaji wapendwa, siku ile mjinga alikuwa Rama. Mwenyewe ameniruhusu nimtaje hewani, tena akaniambia, "Usinipunguzie." Haya, sitampunguzia.

Leo tunamkumbuka mama mkwe wake, Bi Zubeida, muuza viazi karai wa Ruiru, aliyetutoka wiki jana. Bi Zubeida ndiye aliyekuwa akimlea mjukuu wake Hayat, wa miaka minne, wazazi, Rama na Saida, wakiwa kazini kiwandani Thika. Mwaka juzi Hayat akaanza kuhara. Si kuhara kwa siku mbili tatu. Ni miezi. Dawa ya amiba, dawa ya minyoo, zote zikapita kama wageni.

Bi Zubeida akagundua jambo. "Rama mwanangu, jana mtoto hakutia kitu kinywani. Na bado ameharisha, maji matupu."

Rama, mtu wa mzaha, akacheka. "Mama, hayo ni mafuta ya karai lako yanarudi nyumbani!"

Mzaha ukaota mizizi. Akamchukua Hayat, akampeleka kwake mtaani Kamenu, Thika. Bibi akakatazwa kumletea hata uji. Mtoto akala vya kuchemshwa tu. Kuhara kukaendelea. Rama akaapa: kuna anayemlisha kwa siri.

Jumamosi moja bibi akaja kumwona. Hapo mlangoni, majirani wakitazama, Rama akakipekua kikapu cha mama mkwe. Mkwe, jamani! Mtu ambaye hata sauti humpandishii. Akatoa nini? Chupa ya maji ya chumvi na sukari, na chupi za Hayat, zimefuliwa, zimekunjwa.

"Haiya!" akasema jirani yao, Ngendo. "Umepata bangi, Baba Hayat?"

Bi Zubeida akazikunja upya, moja moja.

Wiki haijaisha, miguu ya Hayat ikakataa kumbeba. Chumvi za mwili zilikuwa zimemwishia. Katika hospitali kubwa Nairobi, daktari akauliza, "Asipokula, kuhara hukoma?"

Rama akainamisha kichwa. Jibu alikuwa nalo siku nyingi. Alikuwa amelicheka.

"Hakukomi," akasema. "Bibi yake aliniambia."

Daktari akaagiza picha za tumbo. Juu ya figo palikuwa na uvimbe. Uvimbe ule ulimwaga homoni, na homoni ikayaamrisha matumbo kumwaga maji, mtoto ale asile. Ni ugonjwa wa nadra sana. Chakula hakikuwa na kosa. Bibi hakuwa na kosa. Uvimbe ukatolewa, kuhara kukakoma. Leo Hayat yuko shule, na kwa mbio hashikiki.

Rama alipanga kumwomba bibi radhi. Mwezi huu, mwezi ule. Alikwenda Ruiru mara nyingi, akala viazi, akatania, akarudi. Neno lenyewe halikutoka.

Kwa Saida, binti wa marehemu, kwa Rama na kwa Hayat: poleni sana. Mungu amrehemu mama yetu. Nasi tujiulize: mtoto akiugua, tunatafuta ugonjwa au tunatafuta wa kulaumu? Na kuhara kusipokoma hata mtoto asipokula, rudi hospitali ukaseme hivyo hivyo.

Siku ya mazishi, jeneza lilipoinuliwa, Rama alirudi nyuma. "Sistahili. Nilimvunjia heshima. Wabebe wengine." Mashemeji wakambembeleza, akakataa katakata. Ndipo mkewe, Saida, akasema kutoka mlangoni:

"Mama alitaka kusikilizwa akiwa hai. Leo anataka bega tu. Beba!"