Pasi ya Ambrosi Mikononi mwa Mtani

Kijiwe cha mzee Bakari, pale njia panda ya Mingoyo, hakikuwa na mlango lakini kilikuwa na wenyewe. Kilikuwa mbao mbili ndefu juu ya mapipa, dele la kahawa likitokota katikati, na maneno yasiyolipiwa ushuru. Enzi hizo za Mwingereza, Malkia mpya akiwa bado hajazoeleka kwenye stempu, kila lori la kwenda Lindi lilisimama hapo kupakia mizigo, na kila abiria alilazimika kusikiliza, atake asitake. Asubuhi hiyo abiria alikuwa Ambrosi, mpiga kinanda wa kanisa la misheni, aliyekaa na sanduku lake katikati ya magoti, kofia ya kijivu kichwani, na koti zito lililomtoa jasho mpaka kwenye soksi. Alikuwa anakwenda Ulaya. Lindi angepanda meli ya Dar es Salaam, na Dar es Salaam meli kubwa, mpaka Ujerumani, kwenye mji wenye kinanda kikubwa cha kale, ambako padri wake alimwombea nafasi ya kujifunza. Furaha ilimjaa kifuani hata kahawa ikakosa njia ya kupita.

— Shikamoo, mzee Bakari.

— Marahaba, mwanangu. Kunywa kahawa chungu ukiweza. Huko wanaizamisha kwenye maziwa.

— Na koti usilivue! — akafoka Huseni, fundi cherehani, ambaye kijiwe kilimwita Sindano. — Nimekutilia bitana mbili. Baridi ya kule inaingia hata kwenye tundu la kifungo.

— Sindano, hapa ni Mingoyo.

— Lizoee mapema!

Wa tatu alikuwa Nikodemo, aliyeitwa Gazeti kwa sababu alikuwa na habari zote, hata zile ambazo hazijatokea. Wa nne alikuwa Dadi. Huyu walimwita Bama, maana alipigana huko katika vita ya Mjapani, na tangu arudi hakuna jambo duniani ambalo hakuliona Bama. Dadi alikuwa mtoto wa mjomba wake Ambrosi. Mmoja Jumapili yuko kanisani, mwingine Ijumaa yuko msikitini, na siku zilizobaki wako pamoja kijiweni wakitukanana kwa mapenzi.

— Haya, tuione hiyo pasi ya kusafiria, — akasema Gazeti.

Ambrosi alikuwa ameomba Mungu waulize. Akaitoa mfuko wa ndani, akaifuta kwa kiganja ingawa haikuwa na vumbi. Jalada la buluu, na juu yake nembo ya Mwingereza, simba na farasi mwenye pembe. Ikaanza kuzunguka mkono kwa mkono.

— Mbona kwenye picha umenuna? — Dadi akauliza.

— Mpiga picha wa Lindi alinikataza kucheka. Akasema na masikio yaonekane.

— Masikio! — Gazeti akapiga paja. — Mnaona? Wameshajua ni mtu wa muziki. Bandarini kuna mtu kazi yake ni kupima masikio tu. La kushoto likizidi la kulia, unarudishwa na meli ileile.

— Na huyu farasi mwenye pembe? — akauliza Sindano.

— Ndiye anayekagua. Anakunusa. Kama hukuchanja ndui, anakupiga pembe.

— Nimechanja, — Ambrosi akasema haraka, akakishika cheti cha chanjo mfukoni. Alijua ni upuuzi mtupu, lakini alifurahi kuwa nacho.

Sindano akataka kujua kinanda chenyewe kina ukubwa gani. Ambrosi akainuka, mikono ikaruka hewani. Kina mabomba zaidi ya elfu mbili, akasema. Mengine madogo kama kidole, mengine marefu kama mnazi. Yakivuma yote, mabenchi yanatetemeka.

— Upepo wa kuvumisha yote hayo unatoka wapi? — akauliza Sindano.

— Wafungwa, — akajibu Gazeti. — Wafungwa wa maisha, wanapuliza kwa zamu.

— Mwongo wewe, — akasema Dadi. — Mimi nimepita Kalkuta nikienda Bama. Upepo wanauvuta kwa mfereji kutoka mlimani. Misa ikiisha wanafungua, unarudi mlimani kwao.

— Na aliyetunga nyimbo unazokwenda kujifunza? — akauliza mzee Bakari.

— Alikufa zamani, miaka mia mbili na zaidi, — akasema Ambrosi, na sauti yake ikashuka. — Alikuwa mpiga kinanda wa kanisa tu, kama mimi. Watoto wengi, mabwana wa kumsumbua. Mpaka leo wanamtunza kama mzimu wa kwao.

— Hakufa huyo, — akasema Gazeti. — Wamemtia ndani ya bomba kubwa kuliko yote. Ukibonyeza kidude cha mwisho, anakohoa.

— Anakohoa kweli? — Sindano akauliza.

— Wallahi.

— Tena kile kinanda kinapigwa hata kwa miguu, — Ambrosi akaongeza. — Chini kuna mbao ndefu, unazikanyaga...

Kijiwe kikaangua kicheko. Wafungwa walikuwa wamepita salama, na maiti wa kukohoa amepita, lakini miguu! Mzee Bakari alilazimika kuweka dele chini.

— Mwanangu, siku ya safari usidanganye.

Ambrosi naye akacheka mpaka machozi. Alipoyafuta ndipo akaona mikono yote iko mitupu.

— Pasi yangu iko wapi?

Dadi akapapasa kifua cha kanzu yake, taratibu, kama mtu aliyeshiba.

— Utani, binamu.

Basi tena. Mtoto wa mjomba ni mtani, na mtani akikunyakulia kitu siku unayosafiri, hukasiriki. Unakikomboa kwa anachotaka yeye. Ukikasirika umeshindwa, na utachekwa hata na wajukuu ambao bado hujawapata. Kila mtu pale alilijua hilo, na Ambrosi alilijua kuliko wote, kwa sababu siku Dadi alipokwenda vitani yeye ndiye aliyemnyakulia viatu.

— Nitakupa jogoo, — akasema Ambrosi.

— Jogoo ninaye.

— Nitakuletea shati la Ulaya.

— Hilo ni la kuja. Mimi nataka la sasa. — Dadi hakuwa anacheka sana tena. — Miaka yote hii unapiga huko ndani, mimi napita nje na baiskeli yangu. Nasikia mvumo tu, kipande, halafu kona. Leo Wazungu wanakuita ukawasikilizishe, na mimi ndugu yako sijakusikia. Nipigie hapa.

— Hapa? Kinanda kiko misheni!

— Pasi iko hapa.

Lori likapiga honi. Romani, dereva, alikuwa anafunga magunia ya mwisho. Lori hilo likiondoka bila Ambrosi, meli ya Lindi nayo ingeondoka, na hiyo kubwa ya Dar es Salaam haikuwa na habari kama duniani kuna mtu anaitwa Ambrosi. Akatamani kumkaba Dadi shingo, akajilazimisha kutabasamu, akakubali kupiga wimbo mmoja wa yule mtunzi wa zamani.

— Ni wa dini gani huo wimbo? — Sindano akauliza kwa hadhari.

— Huu hauna maneno kabisa. Ni sauti tu. Inatangulia moja peke yake. Kisha ya pili inaingia na yaleyale, lakini juu kidogo. Kisha ya tatu, huku za kwanza zinaendelea. Ni kama kijiwe hiki, ila huko kila mmoja anasikilizwa.

— Basi si kama kijiwe hiki, — akasema mzee Bakari.

Ambrosi akavua koti, Sindano akalalamika. Akapiga magoti mbele ya ubao wa benchi, akapanga vidole kumi juu yake, akaanza. Vidole viligonga mbao, mdomo uliimba, na viatu vipya vilikanyaga mchanga, kushoto, kulia. Gazeti akaiona hiyo miguu, akainama kuichungulia.

— Sindano, shika hii. Ta-ra-ra, ta-ram. Usiniache! Gazeti, subiri, subiri... ingia!

Gazeti akaingia. Alikuwa na sauti nzuri, kumbe, ilikuwa inaharibiwa na maneno tu. Mzee Bakari akachukua vikombe viwili, akavigonganisha kama anavyofanya akitembeza kahawa, kidogo kidogo, akajikuta yumo. Sauti zikafukuzana, zikapishana, mmoja akipanda mwingine anashuka, na hakuna aliyemkanyaga mwenzake. Wanawake waliokuwa wanauza mihogo ng'ambo ya barabara wakasimama. Dadi alikuwa amefumba macho. Ambrosi alimwangalia, na hasira yote ikamtoka. Kwa furaha aliyokuwa nayo, hata Ulaya aliisahau.

Wakapanda, wakapanda, wakafika mahali ambapo sauti zote zilining'inia pamoja juu. Hapo Ambrosi akanyanyua vidole.

Romani dereva alikuwa amesimama nyuma yao, kamba ya turubai mkononi.

— Huo wimbo unaishaje? — akauliza.

Sindano akamtazama Gazeti. Gazeti akamtazama mzee Bakari. Mzee Bakari akatazama ndani ya vikombe. Wote wakamgeukia Ambrosi.

— Sijui, — akasema.

— Hujui vipi? — Dadi akauliza. — Si unaupiga kila Jumapili?

— Misheni tuna nakala moja tu, na mchwa walikula ukurasa wa mwisho kabla sijazaliwa. Padri naye haujui. Nimekuwa nikiishia hapo miaka yote, natia kituo changu, watu wanadhani ndio mwisho. — Akajifuta magoti. — Ndiyo maana nakwenda, Dadi. Hayo mengine ni mapambo. Nataka kusikia unavyoisha.

Dadi akaitoa pasi kifuani. Akaifungua, akamtazama yule mtu aliyenuna kwenye picha, kisha akamtazama aliye hai mbele yake.

— Mimi niliogopa hutarudi, — akasema. — Kule vitani niliona waliokataa kurudi.

— Dadi...

— Sasa naona lazima urudi. Umeikomboa nusu. — Akampa pasi. Kabla Ambrosi hajaifikisha mfukoni, mtani akamvua kofia ya kijivu, akaivaa mwenyewe mpaka kwenye nyusi. — Hii nayo nitaishika, mpaka uniletee nusu iliyobaki.

— Binamu, huko kuna baridi!

— Ficha kichwa ndani ya bitana ya Sindano.

Romani akapiga honi ya mwisho. Ambrosi akapanda juu ya magunia, kichwa wazi, pasi ameibana kifuani kwa mikono miwili, akicheka na kulia kwa pamoja wala asione haya. Lori lilipochukua barabara ya Lindi alisikia nyuma yake vikombe vikigongwa, Gazeti akitangulia, Sindano akifuata, halafu sauti nzito ya Dadi ikiingia ilipostahili. Walipanda vizuri, bila mtu wa kuwaongoza. Wakafika palepale, wakanyamaza.