Wiski ya Pipa Moja

Kwenye basi la Matonge, mtaa wa Wakongo huku Ulaya, kijana mwenye suti aliyekaa mbele yangu alimwonyesha mama asiyemjua wiski aliyokuwa akiipeleka kwa wakwe kuposa. “Maman, muuzaji alichagua pipa moja tu kule Écosse, Uskoti, akajaza chupa deux cent quarante, mia mbili na arobaini tu. Hakutia maji wala rangi. Pipa ikaisha, basi.” Sikuwahi kusikia mtu akisifia maji yasiyokuwemo.

“Ndiyo maana iko mweupe hivi? Beau-père, baba mkwe wako, atasema ni mafuta ya kupikia.”

“Akionja, ataipenda.”

“Bon. Ataipenda, na siku ya mahari ataomba ingine ya namna hii hii. Utaipata wapi, papa?”

Kijana aliisoma lebo ya chupa kwa vituo viwili. Nilitamani kumfariji, nikaishia kuangalia dirishani. Basi liliposimama Porte de Namur alishuka polepole, akimwomba Mungu wiski isiwe tamu.