Pijo Niliyoiuza kwa Bei ya Friji

Wenye Bwana asifiwe, na asifiwe. Wenzetu wa salaam aleikum, waaleikum salaam. Mwenyekiti, asante kwa nafasi. Umeniambia nisiongee sana, nisitaje jina la mtu, na nisilete vita. Mawili ya kwanza nitajaribu. Hilo la tatu tutaona mbele.

Wengi mnanijua. Kwa wageni, mimi ni Mama Mwende wa Dandora, muuza chakula. Asubuhi napika chapati na maharagwe nyumbani, mchana nalisha watu wa karakana kule Baba Dogo. Kazi hiyo ndiyo imesomesha watoto wangu tangu mzee wangu afariki. Na leo nimeomba kusimama kwa sababu moja tu. Hapo nje kuna gari nyekundu. Imeletwa na mmoja wetu tuione, kwa sababu tukimaliza chai tutaulizwa tumdhamini dada yetu mmoja akope hapa kwenye chama, aichukue. Ndugu zangu, kabla hamjashika kalamu, nisikilizeni.

Nitaongea kwa hasira, mnivumilie. Deni Mungu ameshaniondolea. Hasira bado ananishughulikia.

Mzee wangu aliniachia gari, Pijo. Five-o-four, ile ya stesheni wagoni, ndefu huko nyuma, rangi ya chai ya maziwa. Namba yake ya usajili ilianza na KA, kwa hivyo mnajua ni ya zamani gani. Alikuwa dereva maisha yake yote, Mkamba wa kweli, na gari hiyo aliipenda mpaka nikawa naona wivu. Ukilaza kiti cha nyuma, sufuria zangu zote zinaingia, zinakaa chini kwa adabu, hata ukipita matuta supu haimwagiki. Ikiharibika, fundi yeyote wa barabarani anaifungua kwa spana. Mzee alikuwa na neno lake: gari ni mguu wa mtu, si uso wake. Mimi nilikuwa nacheka. Nilidhani anajitetea kwa kuwa na mkweche.

Maana nyinyi mlikuwa mnaiita mkweche. Msiangalie chini, ni nyinyi! Siku za mkutano nikifika, kuna mtu lazima aseme, "Mama Mwende, leo imewaka yenyewe ama mmeisukuma?" Tunacheka wote. Halafu akina dada wakaanza kuja na magari ya KD, namba za juzi juzi. Tukawa tunatoka nje kuyaona. Hakuna aliyekuwa anauliza gari inafanya kazi gani. Tunaangalia herufi tu. Ukiwa na KD umefika, ukiwa na KA wewe umechelewa maishani. Hii ni akili gani, jamani? Herufi imekuwa daraja la mtu.

Basi akaja mtu mmoja. Ni mtu wetu, tunakaa naye, tunakula naye. Kazi yake ni kuunganisha watu na magari, broka. Akanishika pembeni baada ya mkutano, kwa heshima zote. "Mama, nakuonea huruma. Ile Pijo inashuka thamani kila siku ukilala. Leo unaweza kupata kitu, mwakani utaipeleka kwa vyuma chakavu. Uza sasa. Mimi nakutafutia KD, safi, bado mpya mpya, miaka mitatu minne tu. Mama wa biashara kama wewe, wateja wanakuonaje?"

Wateja wangu ni watu wa kuchomelea vyuma. Wanaona chapati. Lakini hapo nilipoambiwa mama wa biashara, masikio yakaziba.

Pijo akaichukua kwa bei ya friji. Sitanii, friji, tena si ile kubwa. Na ile KD nyeupe bei yake ingeninunulia kiploti kule nyumbani. Ilibidi nikope hapa kwetu. Wadhamini walikuwa wachache, na wa kwanza alikuwa rafiki yangu anayeshona viatu vya tairi Kariokor. Hakuniuliza hata swali. Aliweka akiba yake yote nyuma yangu, akiba aliyokuwa anaweka ili anunue cherehani ya kushonea ngozi, aache kutumia sindano ya mkono. Shikeni hilo neno, cherehani, maana ndilo linaloniuma.

Mnakumbuka siku gari ilipokuja? Mlitoka wote. Pasta akaipaka mafuta usoni, mama yetu mmoja akasema Bismillahi akaipiga kibao mgongoni, vigelegele mpaka majirani wakadhani ni ruracio, watu wameleta mahari. Nilizungushwa hiyo gari kama bibi harusi. Mimi nilikuwa nalia kwa furaha. Hakuna mtu hata mmoja, hata mmoja, aliyeniuliza: Mama Mwende, sufuria zitakaa wapi?

Kesho yake ndipo nilipojiuliza mwenyewe.

Buti ilikuwa ndogo. Sufuria ya maharagwe haikuingia hata kwa kuisukuma na goti. Nikaweka ya chapati nyuma, ya maharagwe nikaikalisha kiti cha abiria mbele, kama mgeni wa heshima. Tuta la kwanza tu, supu ikanimwagikia kwa gia. Na gari yenyewe ilikuwa chini chini, kila tuta inasugua tumbo. Huku kwetu unajua barabara zilivyo, sihitaji kuhubiri. Haikuchukua muda taa ya injini ikawaka. Fundi wangu akainama, akatazama, akafunga boneti. "Mama, hii ni ya kompyuta. Mimi hapa nina spana." Nikapelekwa kwa mwenye kompyuta. Akaniambia ni giaboksi, na akataja bei ambayo nilimwomba arudie, nikidhani ni masikio yangu.

Chakula kikaanza kuchelewa. Mtu wa karakana akifika saa yake ya kula na hujafika, hakulilii. Anaenda kwa mwingine. Wateja wakapungua, mkopo ukabaki palepale umenitolea macho. Nikaruka mwezi, nikaruka mwingine. Na nyinyi mkafanya inavyosema katiba yetu, mkafunga akiba ya wadhamini. Siwalaumu kwa hilo. Sheria ni sheria.

Rafiki yangu akaja nyumbani. Alikuwa amepata cherehani ya mtu anayehama, bei nzuri, na alipokuja kutoa pesa zake akaambiwa zimefungwa kwa sababu yangu. Hakunipigia kelele. Aliketi, akainua mikono akaniangalia, vidole vimekatwakatwa na sindano na tairi, akasema, "Mama Mwende, nilitaka tu kujua kama uko sawa." Ndugu zangu, afadhali angenitukana. Nililala bila kula, na mimi ni mtu wa chakula.

Sasa sikilizeni hapa, hapa ndipo mambo yalipogeuka.

Asubuhi moja nimechoka na supu kumwagika, nikaamua ile sufuria kubwa nitaikalisha kiti cha nyuma, niifunge mkanda kama mtoto. Sufuria ni nene. Nikavuta mkanda, haufiki. Nikavuta tena, nikauvuta wote, mpaka ule mwisho kabisa unaojificha ndani, mahali ambapo hakuna mtu huwa anafika. Na pale mwisho kumeshonwa kitambaa kidogo, kina maandishi ya huko gari ilikotoka, na katikati kuna mwaka. Mwaka mkanda ulipotengenezwa.

Ulikuwa mwaka ambao kitinda mimba wangu aliingia darasa la kwanza. Sasa yuko kidato cha pili, na sauti imekuwa nzito kama ya babake.

Miaka mitatu minne tu! Nilikaa kwenye kile kiti nimekumbatia sufuria ya moto, nikaelewa yote kwa mara moja. KD ni herufi ya siku gari ilipoandikishwa hapa Kenya. Haisemi ilizaliwa lini. Gari inaweza kufanya kazi huko ilikotoka mpaka ichoke, ioshwe, ipakwe rangi, ipande meli, ifike hapa ipewe herufi mpya, nasi tuipigie vigelegele. Nilikuwa nimelipa bei ya gari changa kwa sababu ya bati lenye herufi. Bati, ndugu zangu.

Nikaenda kwa yule mtu. Sikusalimu. Nikamwambia mwaka niliouona. Mnajua alifanya nini? Alicheka. "Mama, mimi nilikuuzia nini? KD. Si ni KD? Mwaka hukuniuliza, hata logbuku, kile kitabu cha gari, hukuomba kukisoma."

Ni kweli sikuuliza. Nilimwamini kwa sababu tunaomba pamoja. Hiyo ndiyo dhambi yangu?

Nikamwambia basi ichukue, uiuze, unirudishie changu. Akatoa bei ya nusu. Nusu! "Gari ikitoka yadi ya kuuzia imeshashuka bei, mama, ndiyo biashara." Nikamuuliza na Pijo yangu iko wapi. Akasema hiyo ilienda zamani, hata hakumbuki.

Hakumbuki. Siku chache baadaye nikaenda Kariokor kumwomba rafiki yangu msamaha. Nashuka tu, naona nini? Rangi ya chai ya maziwa. Pijo ya mzee wangu, imeegeshwa pale wanapokata tairi za viatu, imejaa tairi kuukuu mpaka darini, na haijainama hata kidogo. Nilienda nikaishika mlango. Nililia pale mbele za watu, sijali.

Mwenyewe akatokea, mzee mmoja Mswahili, kofia yake kichwani, mpole. Ndiye anayewaletea mafundi tairi. Nikamwambia ilikuwa yangu. Akanipa kiti, akaniagizia kahawa. Akanieleza kwamba alikuwa ametafuta stesheni wagoni ya aina hiyo muda mrefu, na alishamlipa broka pesa za awali ili amtafutie. Mnanisikia? Mnunuzi alikuwepo tayari, ameshatoa pesa, wakati mimi naambiwa gari yangu inaelekea kwa vyuma chakavu! Na bei aliyolipa, mzee wa watu aliponitajia, nilirudisha kahawa mezani. Ilikuwa ya mafriji matano, na jiko juu yake.

Nikamwambia, "Baba, niuzie. Nitakupa hii nyeupe na pesa juu."

Akatazama ile nyeupe, akatazama Pijo. "Mwanangu, hata ukiniletea tatu nyeupe. Hii siiuzi. Hii inanilisha."

Basi mkiniuliza leo kama gari kuukuu ina thamani, jibu langu ni la mzee huyo. Inayofanya kazi haiuzwi, na aliye nayo hana haja ya kubishana.

Lakini hakuniacha hivyo. Akaniambia tairi yeye hukusanya jioni, asubuhi gari imelala. Nikiweka mafuta, atanibebea sufuria. Na ndivyo ilivyokuwa. Nilirudi Baba Dogo nikiwa abiria katika gari ya marehemu mume wangu, naendeshwa na mtu mwingine, nimeshika mfuniko. Aibu niliimeza asubuhi kwa asubuhi. Chakula kikaanza kufika kwa wakati. Vijana wa karakana walipousikia ule muungurumo wakatoka na sahani mikononi. Kumbe gari walikuwa wanaijua kwa sauti!

Ile nyeupe niliiuza mwenyewe, bila broka. Mwalimu mmoja alipokuja kuiona, nilimwingiza kwanza kiti cha nyuma nikamvutia mkanda, nikamwambia na habari ya giaboksi. Nilipata hasara, lakini usingizi ukarudi. Pesa za mkopo zilizobaki nikazilipa kwa chapati, pole pole, mpaka mkafungua akiba ya wadhamini wangu.

Sasa asante zangu. Baba wa Kariokor, hayuko hapa, lakini Mungu amzidishie. Akina mama mlioninunulia unga wakati sina hata wa mkopo, mnajijua. Na wewe rafiki yangu hapo nyuma, usifiche uso. Hiyo cherehani ya kwanza ilienda kwa mtu mwingine, sitasahau. Lakini leo anayo, na viatu hivi nilivyovaa ni vya cherehani yake. Angalieni mshono ulivyonyooka. Alinidhamini mimi, na hajanisimanga hata siku moja.

Dada yangu unayetaka gari, nakuangalia wewe. Una haki ya gari. Sikuonei wivu, wala sisemi ile nyekundu ni mbaya, siijui. Lakini watakaokudhamini leo wameketi hapa, na kila mmoja ana cherehani yake moyoni. Usiangalie herufi. Jiulize itabeba nini. Halafu twende nje sasa hivi, kabla ya chai, uingie kiti cha nyuma, uvute mkanda mpaka mwisho kabisa, utusomee mwaka kwa sauti. Ukiwa ni ule ulioambiwa, mimi nitakuwa wa kwanza kuweka sahihi, na vigelegele nitavianzisha mimi.

Ni hayo tu. Mwenyekiti, tunaomba ufunguo wa gari.

Nani ana ufunguo?

Ndugu, wewe hapo mlangoni, mbona umeshika koti? Chai bado haijaletwa. Kaa. Mimi sijataja jina la mtu.