Wiki Tatu Bila Nyama kwa Ajili ya Kinanda

Pale Kariakoo inapokaribia kuishia Mnazi Mmoja, mbele ya duka la vitambaa la Tulsidas, palikuwa na baraza, na barazani palikuwa na benchi lenye miguu mitatu na tofali moja. Kila siku ikifika saa kumi ya alasiri benchi lilijaa. Mzee Kombo alitua birika lake la kahawa, akagonganisha vikombe, na mashauri ya dunia yakaanza. Upande wa kushoto alikaa Gavana, aliyepeleka barua katika ofisi ya serikali miaka ishirini na mbili, akastaafu akiamini kwamba alikuwa amezisoma zote. Upande wa kulia alikaa Reli, mfua vyuma wa karakana ya Gerezani, ambaye nyundo zilikuwa zimemzoesha kuongea kwa kelele. Nyuma yao palikuwa na cherehani ya Fundi Mshamu. Lakini wiki hizi tatu aliyekaa kwenye cherehani hakuwa Fundi Mshamu. Alikuwa Eliakimu, mwuza mafuta ya taa kutoka Machame, na alikuwa akishona suruali za watu asiowajua kwa sababu alitaka kujifunza kinanda.

Mambo yalianzia kanisani. Mama mmisionari aliyekuwa akipiga kinanda alikuwa anarudi kwao Ulaya, na mchungaji akatangaza kwamba kama hadi Krismasi hapatakuwa na mtu wa kukipiga, kinanda kitapelekwa usharika mwingine. Hapo Bibi Severa, mjane mwenye sauti nzuri kuliko wote katika kwaya, akageuka akawatazama wanaume waliokaa upande wao, akauliza, "Hivi hakuna hata mmoja?" Eliakimu alikuwa mgane mwaka wa nne sasa. Alimpenda Bibi Severa, alimpenda sana, na hakuwahi kumwambia neno zaidi ya bei ya mafuta. Mkono wake ukainuka wenyewe.

Naye alikuwa hajui hata kupiga mluzi. Siku ile Krismasi ilikuwa imebakiza wiki saba. Sasa zimebaki nne, na mwalimu hajapatikana, ingawa benchi zima lilikuwa linamtafuta kila siku bila kuinuka.

— Ongeza mwendo, alisema Fundi Mshamu, ameegemea nguzo, kikombe mkononi. Kinanda cha kanisani kinataka miguu. Ukilegea katikati ya wimbo upepo unakwisha, watu wanabaki midomo wazi.

— Nakanyaga tangu saa nane, Fundi.

— Ndiyo kwanza miguu inaanza kushika. Ukimaliza hiyo, kuna kaptula mbili za karani wa bandarini.

Eliakimu akakanyaga. Juu ya vichwa vyao, kwenye dirisha la ghorofani, kinanda cha mke wa Tulsidas kikaanza kulia kama kilivyolia kila siku saa hizo, na sauti za watoto zikakifuata, zikapanda, zikashuka, zikarudi mwanzo.

— Huyu naye, alisema Reli, akapaza sauti zaidi. Watu tunazungumza habari muhimu ya mwalimu wa kinanda, hata hatusikilizani.

— Wewe unapiga kelele kuliko kinanda, alisema Mzee Kombo.

— Nanyi hamtaki kufikiri, alisema Gavana. Yule bibi wa juu, Ranjanben, mimi simkatai. Anafaa. Ila hawezi kumpokea mtu hivi hivi tu. Wale wana masharti.

— Masharti gani tena? Nyama si nimeacha, alisema Eliakimu.

Aliacha kweli. Gavana alikuwa ametamka kwamba Ranjanben hali nyama, kwa hiyo hatakubali kinanda chake kiguswe na vidole vya mla nyama, na benchi likapitisha. Tangu siku hiyo Eliakimu alikula maharage na mchicha, mchicha na maharage. Mkanda wake ulikuwa umeongezwa tundu mbili, na usiku aliota supu ya mbavu.

— Umeacha wiki tatu, alisema Gavana. Nyama ya ng'ombe hukaa vidoleni siku arobaini. Ukigusa kinanda tu, ananusa.

— Nani kakwambia?

— Mimi nimewapelekea barua Wahindi miaka ishirini na mbili, mwenzangu.

— Nyama si kitu, alisema Reli. Tatizo ni vifundo. Huyu katoka mlimani, baridi ya kule imemkaza tangu utotoni. Vidole kama hivi havikunjuki bila mvuke. Jumamosi njoo karakana, nikuweke karibu na boila.

— Nikae kwenye boila?

— Karibu na boila, sikusema ndani. Kuna dereva wa garimoshi namfahamu, miaka kumi na minne kwenye mvuke. Hakufundishwa na mtu. Akipiga honi ya injini pale Morogoro, ng'ombe wanaacha majani wanasikiliza.

— Ng'ombe wanasikiliza nini?

— Muziki, bwana. Mvuke umemfungua.

Eliakimu akavitazama vidole vyake. Ukucha wa kidole kidogo cha mkono wa kulia alikuwa ameufuga mrefu, kama watanashati wengi wa mjini, na aliutumia kusafishia tambi za taa. Vifundo vilionekana vya kawaida, lakini hakuwa na uhakika tena. Hakuwa na uhakika wa kitu chochote. Alipoketi na watu hawa kila jambo lilikuwa na maana, na aliporudi nyumbani Krismasi ilikuwa imesogea siku moja.

— Mnasahau heshima ya mwalimu, alisema Fundi Mshamu. Mwanafunzi hupeleka kilemba.

— Kilemba hutolewa mwishoni, alisema Mzee Kombo. Mtoto akishahitimu.

— Chuoni, ndiyo. Kwenye kinanda hutolewa mwanzo. Tena si kitambaa cha kununua tu. Lazima mwanafunzi akishone pindo kwa mikono yake mwenyewe. Na mtu hawezi kushona pindo la kilemba kabla hajashona suruali za kutosha.

— Za kutosha ni ngapi? aliuliza Eliakimu.

Fundi Mshamu akalitupia jicho rundo lililokuwa sakafuni.

— Tutaona.

— Jambo kubwa hamjaligusa, alisema Gavana, akaweka kikombe chini, jambo ambalo hulifanya akiwa na habari nzito. Tuseme nyama imetoka, mvuke umeingia, kilemba kimepokelewa. Kinanda chenyewe je? Kile kimepigwa nyimbo za Kihindi miaka mingapi? Kimezoea. Ukikifundishia wimbo wa Krismasi, kitautoa kwa Kihindi. Vidole vyako vitajifunza hivyo hivyo. Siku ya siku kwaya itasimama, haitajua iingilie wapi.

 Hata Reli alionekana kuguswa.

— Sasa dawa yake? aliuliza Eliakimu kwa sauti ndogo.

— Iandikwe barua serikalini, nakala tatu, aulizwe Bwana D.C. kama—

— Hodi hapa.

Eliakimu hakuhitaji kuinua kichwa. Sauti ile aliijua. Bibi Severa alikuwa amesimama kwenye ngazi ya baraza, kanga mabegani, bunda la kitambaa cheupe kiunoni. Eliakimu akatamani cherehani ingekuwa kubwa kidogo, angejificha chini yake.

— Karibu, Bibi, walisema watu wa benchi kwa pamoja.

— Starehe. Hamjambo? Nimeleta kitambaa cha kanzu za kwaya. Nimeambiwa hapa siku hizi pana fundi mwenye mkono mwepesi wa... Akasita. Bwana Eliakimu. Umeacha mafuta ya taa?

— Anafanya mazoezi ya kinanda, alisema Reli.

Bibi Severa akaitazama cherehani. Akaitazama suruali iliyokuwa chini ya sindano.

— Mazoezi ya kinanda.

— Ya miguu, alisema Eliakimu.

— Na anayekufundisha nani?

— Linashughulikiwa, alisema Gavana.

Bibi Severa akainua uso. Dirishani kinanda kilikuwa kimefika mahali pazuri, na mtoto mmoja alikuwa akikifuata peke yake, kwa sauti nyembamba isiyokosea.

— Na huyo anayepiga hapo juu?

— Ranjanben, mke wa Tulsidas, alisema Mzee Kombo.

— Amekataa kumfundisha?

 Fundi Mshamu akamtazama Reli, Reli akamtazama Gavana, na Gavana akakitazama kikombe chake. Mzee Kombo alikuwa anammiminia mtu kahawa, akaacha, birika likabaki limeinamishwa bila kutoa kitu.

— Hatujafika hapo, alisema Gavana hatimaye.

— Hapo wapi? Ngazi si ile?

Ngazi ilikuwa ile kweli, pembeni mwa duka, hatua kumi na nne za mbao. Eliakimu alikuwa amekaa umbali wa mikono mitatu kutoka kwenye ngazi hiyo kwa wiki tatu. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Akatoa miguu kwenye cherehani, akasimama.

— Bibi Severa, alisema, mimi kinanda sikijui. Siku ile niliinua mkono tu.

— Najua.

— Unajua?

— Mama mmisionari alipokuonyesha kinanda ulimuuliza kinakula mafuta painti ngapi. Usharika mzima unajua. Nilikuwa nangoja kuona kama utaushusha mkono.

Eliakimu akageuka. Akapanda ngazi kabla benchi halijapata nafasi ya kulijadili.

Mlango ulikuwa wazi. Ranjanben alikuwa ameketi kwenye mkeka na kinanda kidogo mbele yake, mkono wa kushoto ukivuta na kusukuma ubao wa nyuma, wa kulia ukitembea juu ya vidude vyeupe na vyeusi. Binti zake wawili, Ila na Shobhana, waliacha kuimba wakamkodolea macho mgeni.

— Wewe ndiye uliyeacha nyama, alisema Ranjanben, kabla Eliakimu hajabisha hodi.

— Ndiye mimi, mama. Umejuaje?

— Dirisha langu halifungwi. Nimesikia ya nyama, nimesikia ya kilemba, nimesikia ya boila. Leo hiyo ya kinanda kuimba Kihindi imenichekesha, nikakosea mara mbili.

— Sasa mbona hukutuita, mama?

— Mimi nitoe kichwa dirishani, niite watu waje wajifunze? Akamtazama vizuri juu ya miwani yake. Unataka nini?

Eliakimu akagundua kwamba wiki tatu zote jibu la swali hili alikuwa amewapa watu wasiojua kinanda tu.

— Nataka kujifunza kupiga kinanda. Wimbo mmoja, kabla ya Krismasi.

— Lete mkono.

Akampa. Ranjanben akaugeuza, akaukagua, akakigusa kidole kidogo.

— Kata ukucha huu. Kesho saa kumi na moja, watoto wakimaliza.

— Na masharti mengine?

— Unawe mikono.

— Na nyama je, mama?

— Ukila kwenu inanihusu nini? Nyumbani kwangu usiilete. Hebu keti, niimbie huo wimbo.

Aliketi, akauimba polepole, kwa sauti ya mtu anayehesabu vibiriti dukani. Ranjanben akaufuata kwa kidole kimoja, akaukosa, akaurudia, na mara ya tatu akaupata wote. Haukutoka kwa Kihindi. Ulitoka kama unavyotoka kanisani, mwembamba kidogo tu. Kisha akakichukua kidole cha Eliakimu, akakiweka mahali wimbo unapoanza, mwenyewe akavuta upepo. Sauti ikatoka, ikakaa, ikaendelea kukaa kwa muda wote ambao kidole kilikaa. Eliakimu alifurahi hata akaogopa kukiondoa.

Aliposhuka, benchi lilikuwa limerudia hali yake.

— Umesikia? Reli alikuwa anasema. Ile sauti ni ya miguu ile. Wiki tatu za cherehani si mchezo.

— Miguu wapi, kile si kinavutwa kwa mkono? alisema Gavana. Ni nyama. Nilisema mimi, au sikusema?

— Na kaptula za karani? aliuliza Fundi Mshamu, akimtazama Eliakimu kwa huzuni ya kweli. Na hizi kanzu za kwaya kumi na mbili, nani atazikanyaga?

 Bibi Severa alikuwa ameshaliweka bunda lake juu ya cherehani, na sasa alikuwa akijitanda kanga ili aondoke.

— Amesemaje? alimuuliza Eliakimu.

— Kesho saa kumi na moja.

— Vizuri. Wanakwaya wanakuja kwangu leo kwa mazoezi, uje nawe uanze kuwazoea. Nimepika mtori wa ndizi. Nimeutia nyama ya mbavu. Utakula, au huli?

Gavana akakohoa, akainua kidole.

— Kwa hesabu ya siku arobaini, bado zimebaki—

— Nitakula, alisema Eliakimu.

Mzee Kombo akalipindua birika, likatoa tone moja. Eliakimu akaomba mkasi wa Fundi Mshamu, akaukata ukucha wake akiwa amesimama pale pale, kisha akamfuata Bibi Severa.