Beberu wa Pole

Waislamu wenzangu, asalaam aleikum, na ninyi wa kanisani, amani iwe kwenu. Mkiniona nimesimama msiniletee kiti. Nataka kusimama, mtajua kwa nini.

Mwenyekiti wa kikundi chetu amenionya nisitaje jina la mtu. Majina yote ninayo, na ya baba zao ninayo, ila leo nayameza.

Mnakumbuka nilikuwa nauza mihogo pale Mkata, kando ya barabara. Gari moja, Noah, ikaacha lami ikanifuata mimi na ndoo yangu. Mguu wa kulia ukavunjika, ukaungwa, ukapona umepinda. Daktari akasema, "Bibi, ukivunjwa upya ukawekewa chuma, utatembea. Bila hivyo, ni gongo la kutembelea." Shamba langu liko Kwaluguru. Gongo halilimi. Na gharama ya operesheni sikuwa nayo, mpaka bima ya lile gari ilipe.

Kabla bima hawajasema neno, akaja mwenye gari kutoka Ngombezi na jamaa zake. Shikamoo nyingi, sukari, mchele na beberu mnene. Wakakaa mkekani wameinamisha vichwa. Nikapokea. Nani kwetu anafukuza watu waliokuja na pole? Ila wakati wa kuondoka, mmoja wao akatoa simu. "Bibi, shika kamba ya mbuzi, tupige picha ya kumbukumbu."

Ndugu zangu, nawaambia, kamba niliishika, ila nikajiuliza. Kumbukumbu ya nini? Ya mguu?

Mkwe wangu akanoa kisu. "Mama, tumchinje, watoto wapate kitoweo."

"Hachinjwi."

"Kwa nini?"

"Sijajua kaja kufanya nini hapa."

"Mbuzi, mama? Kaja kuliwa."

Alinicheka sana, na beberu akazidi kunenepa kwa maganda ya mihogo yangu. Mimi nikawa namshuku kila mtu. Jirani akiniuliza hali ya mguu, najiuliza nani kamtuma. Hata katibu wetu, huyu hapa mbele, alipojitolea kunifuatilia madai, nilimuuliza yeye atapata nini. Akasema, "Nitapata jua na vumbi, bibi." Sikumwamini. Nilikubali kwa kuwa sikuwa na mwingine.

Majibu yakaja: bima hawalipi. Wanasema mimi na mwenye gari tulishamalizana kifamilia, na picha wanayo. Bibi kizee na kamba ya mbuzi mkononi.

Nililia, sitawaficha. Kisha nikamtazama yule beberu, nikamwambia mkwe wangu, "Mfunge vizuri. Tunakwenda naye Korogwe." Kwenye basi kondakta akamdai nauli. Nikamwambia huyu ni shahidi. Akasema, "Shahidi naye alipe."

Ofisini, tukiwa na katibu wetu, tulimkuta karani wa bima, na mwenye gari ameitwa. Beberu tukamfunga mlangoni, analia. Karani akanionyesha ile picha. "Bibi, si wewe huyu? Ulishalipwa."

"Nililipwa huyo mbuzi?"

"Ndiyo."

Nikamgeukia mwenye gari. "Basi mwanangu, mbuzi wako yuko mlangoni, mzima. Mchukue, halafu tuanze upya habari ya mguu wangu."

Karani akamwambia, "Mchukue basi, yaishe." Hakunyanyuka. Mwisho akasema, "Bibi, pole hairudishwi. Mama yangu akisikia nimerudi na huyu mbuzi, sitaingia kwake."

"Kumbe ni pole?"

"Ni pole, bibi. Malipo hatukuyataja."

Katibu wetu akamwambia karani, "Umesikia. Na mimi nimesikia. Andika."

Ilichukua muda, tukarudi tena na tena, lakini walilipa. Nikavunjwa, nikawekewa chuma. Leo nimeingia humu bila gongo.

Nani aliwapelekea bima ile picha, mpaka leo sijui. Mwenye gari anasema si yeye. Labda.

Katibu, ahsante kwa jua na vumbi, na unisamehe lile swali. Mkwe wangu, ahsante kwa kuvuta kamba huku unacheka. Ninyi wengine, akija mtu na pole, mpokeeni. Ila mwambieni aseme mbele ya majirani ni pole ya nini, na kama kuna malipo, yana siku yake.

Ile harufu mnayoisikia jikoni ni yeye beberu. Sasa najua alikuja kufanya nini, kwa hiyo leo analiwa. Na wewe mwenye simu hapo nyuma, kabla hujapiga picha, simama kwanza utuambie ni ya nini.