Korongo na Mzani wa Bariadi

Mwaka ule wanunuzi binafsi walipomiminika Bariadi, na kila mwenye mzani akawa anajiona bwana mkubwa, mmoja wao aliutundika wake chini ya migunga ya bustani ya mjini, pale pale korongo wenye vipara walipozoea kutaga. Mavi yao yakalidondokea furushi la Milembe, muuza kahawa mwenye kishamba cha pamba, na pamba yake nyeupe ikaandikwa fifi, daraja la chini. Milembe alikwenda ofisi ya mji akafoka mpaka karani akajificha nyuma ya faili: mzani uhamishwe! Msimu uliofuata ofisi ikamsikiliza. Ikaamuru miti ikatwe. Leo migunga mitano ilikuwa chini, mmoja bado umesimama, na vifaranga wanatapatapa kwenye matawi. Milembe alimimina kahawa kijiweni akiwa ameupa mgongo upande huo.

— Watahamia Maswa, alisema Marcelo, aliyeitwa Redio kwa kutozimika. Korongo ni ndege wa mjini.

— Wenye mabawa, sawa. Na hawa wasio na manyoya watapanda basi? aliuliza Kasmiri Tani Moja, kuli wa mzani.

— Wewe hujui siasa. Hawa ni wa ushirika. Walitumwa waninyee pamba ya binafsi, soko huria life.

— Waninyee? Una pamba wewe?

— Nasemea taifa!

— Mimi nasema ni wa mnunuzi mwenyewe. Kila tone ni fifi, kila fifi ni faida. Aliwaleta na lori, kawafunika turubai.

— Eti eh! Ndiyo maana yule mzee wao ana kipara kama cha karani.

Walicheka. Nkwabi, mkata miti, hakucheka. Shoka lilikuwa magotini.

— Uuache huo mmoja, Nkwabi, Milembe alisema.

— Mayu, mama yangu, barua ina jina lako. "Kutokana na malalamiko ya Milembe." Nimesomewa.

— Nilisema mzani.

— Barua inasema miti.

Nyuma ya Milembe korongo mmoja alikuwa akitembea juu ya matawi yaliyolala, koo limejaa utumbo wa machinjioni. Milembe aligeuka kwa bahati mbaya. Kifaranga alimfungulia mama yake mdomo. Mama akampita. Yeye alikuwa anatafuta mti.

Hapo akafika Joyness, mwanamke wa kijiji cha Kimali, akatua furushi lake la pamba na kuomba kikombe. Akasikiliza kidogo.

— Samahani, mayu. Kwani huo mzani haubebeki?

Redio akainamia kikombe chake. Kasmiri alitazama viganja vyake. Kila jioni aliubeba begani peke yake kuupeleka stoo, na kila asubuhi aliurudisha.

Nkwabi akasimama, akatema mate mikononi.

Milembe aliinamisha birika juu ya kikombe cha mgeni. Hakikutoka kitu. Akaendelea kuliinamisha hivyo hivyo, mpaka pigo la kwanza la shoka lilipolia.